Kitanzi cha visiwani na kalamu ya London

Kila mwaka, nikifika kwenye mada ya mamlaka ya dola juu ya makoloni, mwanafunzi mmoja huuliza: je, koloni lisilotaka kufuta adhabu ya kifo linaweza kulazimishwa? Huwa nawapeleka Karibea, Mei 1991.

Uingereza ilisitisha kuwanyonga wauaji mwaka 1965, na mwaka 1969 Bunge likaufanya usitishaji huo wa kudumu. Lakini sheria hiyo haikuvuka bahari. Maeneo ya ng'ambo yalikuwa na kanuni zao za adhabu, na majaji wao waliendelea kuhukumu kifo. Ndiyo maana tarehe 2 Desemba 1977, Erskine Burrows na Larry Tacklyn walinyongwa Bermuda. Burrows alikuwa amepatikana na hatia ya kumuua gavana, Richard Sharples, mwaka 1973. Machafuko yakazuka, majengo yakachomwa, na askari wakaletwa kwa ndege kutoka Uingereza. Tangu hapo hakuna tena aliyenyongwa chini ya bendera ya Uingereza, ila sheria yenyewe ilibaki vitabuni.

London iliyashawishi maeneo ya Karibea yaifute yenyewe. Yakasita, kwa sababu wapiga kura wa huko walikitaka kitanzi. Basi ikatumika Amri ya Malkia Barazani, yaani sheria inayotolewa kwa idhini ya mfalme au malkia bila kura ya Bunge. Ukisikia jina hilo usidhani kuna mjadala. Mawaziri wachache husimama mbele ya mfalme au malkia, kichwa cha waraka kinasomwa, naye anajibu kwamba ameidhinisha. Hawaketi hata kidogo, labda ili kikao kisirefuke. Kwa njia hiyo, Anguilla, Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Cayman, Montserrat na Turks na Caicos viliamka na adhabu mpya ya mauaji: kifungo cha maisha. Hakuna mjumbe hata mmoja wa visiwa hivyo aliyenyoosha mkono. Wala kazi haikuisha siku hiyo, maana amri iligusa mauaji tu. Huko Turks na Caicos, uhaini na uharamia wa baharini viliendelea kubeba adhabu ya kifo hadi 2002.

Kwetu kalamu hiyo isingefika. Kanuni za adhabu za Kenya, Uganda na Tanzania zina asili hiyohiyo ya kikoloni, ila baada ya uhuru mlango wa London ulifungwa. Mabadiliko yakapitia mahakamani: kesi ya Kigula, Uganda, 2009, na ya Muruatetu, Kenya, 2017. Zote mbili ziliondoa ulazima wa jaji kutoa hukumu ya kifo kwa muuaji. Adhabu yenyewe haikufutwa.

Kesi inayonisumbua ni Bermuda. Kwa kuwa ilikuwa na katiba yake na kujitawala kwa kiasi kikubwa, haikuingizwa kwenye amri ya 1991. Mwaka mmoja kabla, wananchi walipiga kura ya maoni, na karibu wanane kati ya kila kumi waliojitokeza walitaka adhabu ibaki. Mwaka 1999 Bunge lao likaifuta, pamoja na viboko. Wanafunzi huipenda sehemu hii. Husema hiyo ndiyo njia halali. Hapo huwaonyesha waraka wa sera ambao serikali ya Uingereza iliutoa Machi mwaka huohuo: Bermuda ibadilishe sheria yake, isipofanya hivyo London itaifanyia yenyewe. Darasa hunyamaza kidogo, kisha wanaanza kubishana upya.