Amu za nyuma: bolti umekaza kweli, ila umekaza gari ikiwa hewani

Mara ya kwanza nabadilisha amu za nyuma (vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na chasi) mwenyewe nyumbani nilifanya kila kitu sawa isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kikanila bushi zote, yaani raba za kwenye maungio ya amu, ndani ya miezi michache. Amu mpya kabisa, bolti nimekaza mpaka mshipa wa shingo umetoka, gari iko juu ya stendi magurudumu yananing'inia, nikafunga tairi nikashusha nikajipongeza. Mlio wa nyuma ulionifanya nibadilishe ukarudi. Nikalaumu spea, nikasema feki hizi, kumbe feki nilikuwa mimi.

Na hii ndo dhana ninayokutana nayo kuliko zote, kwamba ukishaingiza bolti kaza tu hapo hapo ilimradi nguvu iwe ya kutosha. Hapana. Ukiitazama bushi ya kawaida kwa karibu utaona ni raba iliyogandishwa katikati ya bomba mbili za chuma, bomba la nje limeshindiliwa kwenye amu na bomba la ndani ndo linapita bolti. Ukikaza, bomba la ndani linabanwa kwenye chasi halizunguki tena, kwa hiyo amu ikipanda na kushuka hakuna kitu kinachoteleza pale, ni raba yenyewe inajipinda na kurudi. Sasa wewe umebana wakati amu inaning'inia chini, maana yake raba imepewa kwamba mapumziko yake ni pale chini. Ukishusha gari amu inapanda, raba inakaa imesokotwa kama nguo unayoikamua, na inakaa hivyo saa 24 hata gari ikiwa imepaki. Shimo la kwanza likiipindisha zaidi inaanza kuchanika.

Dawa yake haihitaji mashine. Kabla hujapiga jeki, gari ikiwa imesimama kwenye sakafu iliyonyooka, chukua futi upime toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, tuseme umepata sentimita 36, andika. Ingiza amu, nati zote zifunge kwa mkono tu. Halafu weka jeki chini ya habu, kile kitovu gurudumu linapofungwa, upandishe taratibu mpaka kipimo kirudi 36, hapo ndo unakaza. Ukiona gari inaanza kunyanyuka toka kwenye stendi acha, usilazimishe, bora ufunge tairi uishushe juu ya rampu kisha ukazie ukiwa chini yake. Na kukaza kwenyewe ni kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kwa namba ya gari yako, maana bolti moja inaweza kutaka Nm 60 (Nm ndo kipimo cha nguvu hiyo) na nyingine hapo hapo jirani ikataka zaidi ya 100. "Nimekaza kwa mkono wangu najua" mkono haujui.

Dhana ya pili, eti tairi za nyuma hazina alaimenti, yaani mpangilio wa tairi linavyoangalia. Hii labda ilikuwa kweli kwa gari zenye ekseli moja ngumu nyuma, ila gari yenye amu nyuma mara nyingi ina bolti moja au mbili za kurekebishia, washa yake tundu haliko katikati na ina vialama pembeni. Ukiizungusha kidogo tu tairi linabadilisha linavyoangalia, ndani au nje. Watu wanaifungua kama bolti nyingine yoyote, wanarudisha popote, halafu wanashangaa usukani umekaa upande wakati mbele hawajagusa kitu. Ni kwamba tairi za nyuma zikiangalia pembeni zinasukuma gari iende mshazari na wewe inabidi ushike usukani kuirudisha. Kwa hiyo kabla ya kulegeza piga alama kwa rangi au patasi kwenye washa na kwenye chasi, urudishe pale pale, alafu bado uende ukapime alaimenti ya magurudumu manne. Alama inakufikisha salama kwenye kipimo, haichukui nafasi ya kipimo. Usipoenda tairi linalika upande wa ndani, na upande huo huwa huuoni mpaka nyuzi zitoke.

Kuhusu bolti iliyogoma kila mtu ana nyundo. Shida ni kwamba kutu inaishikiza bolti ndani ya lile bomba la ndani la bushi, kwa hiyo unavuta spana unaona inazunguka robo unafurahi, ukiachia inarudi boing, hujafungua kitu, umepinda raba tu. Hata ukiigonga toka nyuma inadunda. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu jana yake na usiku, sio dakika tano kabla. Ikikataa kabisa, bolti inakatwa kwa msumeno wa umeme pale kwenye upenyo kati ya bushi na mabano, pande zote mbili, na ndo maana unanunua bolti na nati mpya KABLA ya kuanza. Ila angalia kwanza nati iko wapi, kwenye gari zingine imechomelewa ndani ya sabufremu, lile fremu dogo la chini linaloshika amu, ukilazimisha ikang'oka inaanza kuzunguka na bolti humo ndani, basi kazi ya asubuhi imekuwa ya wiki. Moto wa gesi sikushauri kule nyuma, tangi la mafuta na hosi za breki ziko jirani mno.

Sasa hii sina utani nayo. Kuna wanaodhani gari ikishakuwa juu springi imelegea kwa hiyo haina nguvu. Kwenye gari nyingi amu ya chini ya nyuma ndo imekalia springi, na hata gurudumu likining'inia springi bado imebanwa, kinachoizuia isifunguke ni shokapu na hizo amu. Ukichomoa bolti ya nje bila kitu chini, amu inashuka kwa kishindo na springi inaruka, na uso wako uko pale pale. Jeki chini ya amu kwanza, chomoa bolti, shusha pole pole mpaka springi icheze kwa mkono. Na jeki hiyo ni ya amu, gari yenyewe inakaa kwenye stendi, tairi za mbele zimewekewa vigingi. Usiache kalipa ya breki, ile inayobana diski, ining'inie kwa hosi yake pia, ifunge kwa waya.

Grisi kwenye bushi za raba? Acha. Hamna kinachoteleza mle kama nilivyosema, na grisi ya kawaida ya petroli inaivimbisha raba. Za poliyurethani ndo zinapakwa, tena grisi yake ya silikoni.

Kama taa za gari yako zinajirekebisha zenyewe urefu, kuna kifimbo kidogo kimeunganishwa kwenye amu ya nyuma, usikisahau, mi nilikisahau nikawa namulika miti.

Alafu sio kila mlio wa nyuma ni amu. Linki ya stabilaiza (kifimbo kinachoshika ile nondo ya kuzuia gari isilale kwenye kona) na kitako cha juu cha shokapu vinagonga vilevile, tikisa kimoja kimoja kwa mtaimbo kabla hujaagiza. Na chungulia kama hizo amu unazo, maana hata modeli moja inatofautiana, Volkswagen Golf ya kizazi cha 7 zenye injini ndogo nyingi zina bimu moja nyuma na zenye nguvu zaidi zina amu kadhaa kila upande. Jamaa yangu aliagiza amu nne kwa kuangalia jina la gari tu, akalala chini na tochi, akakuta chuma kimoja kinene kimeenda toka gurudumu hadi gurudumu. Amu bado ziko kwenye boksi.