“Washikane mikono yaishe”? Hayaishi

Wiki haipiti bila kuletewa watoto wawili ofisini, mmoja macho chini, mwingine anatabasamu, na mtu mzima nyuma yao akisema: “Mshauri, hawa wamegombana tu. Wapatanishe, washikane mikono yaishe.” Nimechoka na kauli hiyo, maana inamrudisha mtoto kwenye mateso huku sisi tukijiona tumetenda haki.

Ugomvi si uonevu. Waliogombania mpira wana nguvu sawa na kila mmoja ana lake la kujibu; hao wapatanishwe. Uonevu, kama alivyoufafanua mwanasaikolojia Dan Olweus, hukusudiwa, hurudiwa, na anayetendewa hana ubavu wa kujitetea. Upatanishi humtaka kila upande ulegeze kidogo. Sasa huyu anayepigwa na kutengwa kila siku alegeze nini? Tukimshikisha mkono kwa lazima, anajua kwamba kusema hakumsaidii, na mwenzake anajua kwamba kuonea kunalipwa kwa neno “samahani”. Wakifika nje ya mlango, aliyesema analipizwa.

Mimi huwaona mmoja mmoja, anayeonewa kwanza. Namuuliza ni wapi, saa ngapi, na nani walikuwepo. Mara nyingi ni chooni, njiani kurudi nyumbani, au zile dakika chache kabla mwalimu hajaingia darasani. Basi hapo ndipo mtu mzima akasimame, kuanzia siku hiyo hiyo! Mwonevu naye ana kikao chake na wazazi wake wanaitwa. Baada ya wiki namwita tena yule wa kwanza, na wiki inayofuata pia, kwa sababu hatakuja mwenyewe. Mpango wa Olweus wa kuzuia uonevu ulipoanza Norwei mwaka 1983, baada ya wavulana watatu kujiua, uligusa shule nzima: walimu, wazazi, kanuni za kila darasa. Haukuishia kwa watoto wawili.

Zipo na kauli nyingine ninazoletewa. “Kusema ni kuchongea.” Anayechongea anataka mwenzake aadhibiwe, anayeripoti anataka mtu asiumizwe. Uchunguzi wa mashambulizi 37 shuleni nchini Marekani, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kuwa katika mengi kulikuwa na mtu aliyejua mapema kwamba shambulio linapangwa.

“Fimbo itamnyoosha.” Itamfunza kwamba mwenye nguvu ana haki ya kupiga, somo ambalo tayari analijua.

“Mwambie naye arudishe ngumi.” Angekuwa na uwezo huo asingeonewa.

“Wanaotazama hawahusiki.” Wanahusika sana. Watafiti waliorekodi viwanja vya shule Kanada, matokeo yakatoka mwaka 2001, waliona kwamba watoto wenzao walipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio yalikoma ndani ya sekunde 10. Ndiyo maana nikiingia darasani nazungumza na hawa kuliko wote, na nawapa sentensi moja ya kufanyia mazoezi kwa sauti: “Mwache, twende zetu.”