Moyo unaenda mbio ghafla? Usisubiri utulie ndo uje

Mwezi uliopita nimepata tena mgonjwa wa aina ile inayoniumiza roho. Mama wa miaka 34, anakaanga vitumbua asubuhi, huu mwaka wa tatu moyo unamwenda mbio, na kila akifika kwenye kituo cha karibu na kwao anapimwa presha, anaambiwa iko sawa, punguza mawazo mama, anapewa vidonge vya tumbo anarudi nyumbani. Nikamuuliza ulishawahi kupimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, moyo ukiwa bado unakimbia? Akasema hapana dokta, mi nasubiri kwanza utulie ndo nipate nguvu za kutoka.

Hapo ndo penye tatizo. Akifika umeshatulia, kipimo kinatoka safi, na yeye anaonekana anajisikilizia tu.

Kwanza tuelewane, presha na mapigo ni vitu viwili. Presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa, mapigo ni moyo unadunda mara ngapi kwa dakika. Ile mashine ya presha inatoa namba tatu, watu wanakariri mbili za juu, ile ya chini kabisa hawana habari nayo, na ndo mapigo yenyewe. Mtu mzima aliyetulia ni kati ya 60 na 100. Kwahiyo presha inaweza kuwa nzuri kabisa na moyo ukawa una shida.

Mgonjwa akikaa mbele yangu huwa namwambia nigongee mezani kwa kidole, moyo ulivyokuwa unapiga. Wengine wanagonga vizuri, wanasita kidogo, halafu wanagonga moja kubwa. Hilo ni pigo la ziada, limewahi kabla ya zamu yake, moyo ukapumzika sekunde kidogo ukajaa damu zaidi, ndo maana pigo linalofuata unalisikia kama teke. Linasikika sana usiku ukilalia ubavu wa kushoto. Najua linatisha, mtu anaamka anashika kifua anajua anakufa, ila kama moyo wako ni mzima mara nyingi halina madhara.

Wengine wanagonga harakaharaka lakini sawasawa kama cherehani. Hapo nauliza ilianzaje na iliishaje. Kama ilipanda taratibu ikashuka taratibu, nafikiria hofu, homa, au damu kuwa kidogo. Lakini kama ilianza ghafla kama mtu kawasha swichi, ikaenda 150 mpaka 200 na zaidi, ikazima ghafla vilevile, na baada ya hapo ukakojoa mkojo mwingi sana, hiyo hata kama ulikuwa na mawazo siku hiyo mimi nashuku hitilafu kwenye umeme wa moyo, na mara nyingi ina tiba nzuri tu.

Wa tatu anagonga ovyo, hakuna mpangilio. Huyo namshika mkono palepale nahesabu mwenyewe dakika nzima, kwasababu inawezekana vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, damu inatuama, inaganda, na bonge likipanda kwenye ubongo ni kiharusi. Nchi za wenzetu wengi ni wazee, huku kwetu nawaona mpaka vijana, valvu za moyo (milango ya kupitishia damu) zimeharibika tangu utotoni kwa mafindofindo ambayo hayakutibiwa vizuri. Mjamzito mwenye valvu za namna hiyo ndo naogopa zaidi, mimba inaongezea moyo kazi, kwahiyo tafadhalini mama mjamzito anayehema akilala chali msimwambie ni mimba tu.

Kuna visababishi vya kawaida ambavyo naanza navyo kabla sijafika mbali: upungufu wa damu (hedhi nzito inamaliza damu kimyakimya), tezi ya shingo hasa kama unakonda huku unakula na mikono inatetemeka, enaji, kahawa, mirungi, dawa za mafua za kuzibua pua, dawa ya pumu ya kuvuta, na vidonge vya kukojosha maji mwilini ambavyo vinashusha potasiamu. Ukija njoo na dawa zako zote kwenye mfuko, hata zile ulizonunua famasi bila cheti.

Sasa ya kukimbilia hospitali muda huohuo. Ukizimia au ukakaribia kuzimia, kifua kikabana, pumzi ikawa haitoshi, mapigo yamepita 120 umekaa tu na hayashuki, au inakupata katikati ya mpira au mbio. Pia kama una ugonjwa wa moyo tayari, au kwenye ukoo kuna mtu alianguka akafa ghafla akiwa kijana, usijipe moyo. Na ukiwa na kizunguzungu usipande bodaboda, chukua bajaji na mtu wa kukushika.

Kama huna dalili hizo ila moyo unakimbia, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu kwa saa ya simu sekunde 30 zidisha mara mbili, andika namba na muda ulioanza. Halafu nenda. Hospitali tunaweza kukupa bomba tupu la sindano la mililita 10 upulize kwa nguvu sekunde 15, tukulaze chali haraka tukunyanyue miguu, na kuna mioyo inarudi kwenye mstari hapohapo bila dawa yoyote.

Yule mama nilimwambia hivi, siku ikianza funga jiko, nenda kituo chenye ECG, mwambie wa mapokezi moyo unaenda mbio sasa hivi, sio uliniendaga mbio. Na ile karatasi ya ECG watakayokupa ipige picha siku hiyohiyo maana maandishi yake yanafifia.

Juzi saa moja asubuhi simu yangu ikaingia picha. Mapigo 188, mistari imebanana sawasawa kama meno ya kitana. Anakuja Jumatatu tuanze matibabu, na karatasi anakuja nayo.