Je, wajua kwa nini wanamichezo wa shule huumia zaidi wiki za mitihani?

Mchezaji akiteguka kifundo, uwanja ndio hulaumiwa kwanza: mchanga umelegea, kuna shimo karibu na goli, njumu zimeisha meno. Malindi, pwani ya Kenya, malalamiko hayo yana msingi. Lakini uwanja ni uleule mwezi mzima, na mitihani ikikaribia majeruhi huongezeka.

Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kiliwafuatilia wachezaji 101 wa kandanda ya Kimarekani msimu mzima. Matokeo yaliyotoka mwaka 2016 yalionyesha kwamba wiki za mitihani, uwezekano wa kuumia ulikaribia mara mbili ya wiki tulivu za masomo.

Sababu ilikwisha kuelezwa mwaka 1988 na wanasaikolojia Mark Andersen na Jean Williams. Mwenye wasiwasi hukaza misuli bila kujijua: taya hubana, mabega hupanda, misuli ya mbele na ya nyuma ya paja huvutana kwa pamoja. Akiruka kupiga kichwa, hutua goti likiwa gumu, na mshindo ambao ungepokewa na misuli huishia kwenye kano za goti. Macho nayo hupungukiwa upeo. Mpira anauona, beki anayemjia ubavuni hamwoni.

Usingizi huzidisha shida. Kijana anahitaji saa 8 au zaidi, na ratiba ya prepu ya usiku na ya alfajiri haimpi. Ramadhani ikiangukia muhula wa kwanza, daku humkatiza tena, basi mazoezi magumu siku hizo yapunguzwe tu, hakuna haja ya ubishi.

Dawa ya kwanza ni kulegeza mwili, kitandani usiku, dakika 10. Kaza ngumi kwa sekunde 5, ziachilie kwa sekunde 15 huku ukisikiliza tofauti. Fuata mabega, tumbo, mapaja, kisha mashavu ya miguu. Usikaze kwa nguvu zote, hasa miguuni, utabanwa na misuli usiku kucha. Hili ni zoezi la kila siku. Anayelijaribu asubuhi ya mechi tu hapati kitu.

Uwanjani, mpira ukiwa umesimama, vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, itoe polepole ukihesabu 6, mara 5. Wengi hukosea hapa: huvuta pumzi kubwa harakaharaka, wakapata kizunguzungu, wakasema zoezi halifai.

Kuna pia kuona picha akilini, dakika 5. Mchezaji ajione akitua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, kwenye mchanga uleule wa shuleni, kwa kasi ya kweli. Ajichagulie neno moja la kujikumbusha, kama "laini". Kocha anayepiga kelele "usianguke!" anamchorea mtoto picha ya kuanguka.

Makocha wengi muda ukibana hufuta kupasha mwili moto, na hapo ndipo wanapoharibu. Programu ya FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili moto yanayokinga majeraha, huchukua kama dakika 20, angalau mara mbili kwa wiki. Ilipojaribiwa Norwe kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban thuluthi moja. Wiki ya mitihani futa mechi za mazoezi na kukabana, si programu hiyo. Kabla ya kuanza, kila mmoja ataje namba, 1 (hali nzuri) hadi 5 (hali mbaya), ya usingizi na ya wasiwasi. Mwenye hali mbaya siku mbili mfululizo apewe pasi na mbio nyepesi.

Haya yote hayatibu jeraha. Mwambie mchezaji ajikaze darasani, si kwenye kifundo kilichovimba: asiyeweza kupiga hatua 4 apelekwe hospitali apigwe eksirei. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa hatoki kupumzika kidogo arudi. Siku hiyo hachezi tena, na harudi uwanjani mpaka daktari aruhusu.