Mambo ambayo watu hukosea kuhusu Hastings, mji wa pwani ya Uingereza

Mwenye ndugu anayeishi kwenye mji wa pwani huko Uingereza anajua picha zinazotumwa nyumbani: za Julai na Agosti, aiskrimu mkononi na watoto wenye ndoo. Za Januari hazitumwi. Kwa hiyo dhana nyingi kuhusu miji hii zinaendelea kuishi bila mtu wa kuzipinga. Nachukua Hastings, mji wa East Sussex ulio kama saa moja na nusu kwa treni kutoka London, ingawa mengi ya hapa utayakuta pia Margate au Whitby.

Dhana: Pwani ni pwani, mchanga hautakosekana

Hastings utakanyaga kokoto. Ni mawe ya gumegume yaliyosuguliwa na bahari hadi yakalainika, na kuyatembelea peku ni adhabu. Mchanga hujitokeza maji yakipwa, na hapo maji hupwa kwelikweli: wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 7, ilhali Zanzibar ni kama mita 4. Mawimbi huzisukuma kokoto hizo kuelekea mashariki mwaka mzima, ndiyo sababu utaona kuta zilizojengwa kukatiza ufukwe ili kuzizuia.

Maji yenyewe hufika nyuzi 17 au 18 za Selsiasi mwishoni mwa kiangazi, na Februari hushuka hadi 7 au 8. Wenyeji wapo wanaoogelea hata Desemba. Mtu aliyezoea maji ya Tanga asijaribu kuwaiga kwa kishindo, maana baridi ile hukata pumzi ghafla hata kwa muogeleaji hodari. Hilo likikukuta, lala chali, uelee, usipambane na maji mpaka pumzi itulie.

Dhana: Mji wa wavuvi lazima una bandari

Hastings haina. Mwishoni mwa karne ya 19 walianza kujenga, kazi ikakwama, na mkono wa bandari isiyokamilika umebaki hadi leo ukikinga ufukwe. Boti hukaa juu ya kokoto, sehemu iitwayo Stade, na kundi hili hutajwa kuwa kubwa kuliko yote Ulaya kati ya yale yanayoshushwa majini moja kwa moja kutoka ufukweni.

Ukibahatika kufika boti inaporudi, simama pembeni utazame. Nahodha haji polepole. Anaielekeza ufukweni kwa kasi, inapanda kokoto kwa mshindo, na kabla wimbi lijalo halijaigeuza ubavu, mtu tayari amefunga waya wa winchi. Mbao hutandikwa chini ya mkuku, boti ikavutwa juu kama jokofu linalopandishwa ngazi. Kushuka, husukumwa na katapila lililokula kutu. Kwa sababu hiyo boti ni fupi, chini ya mita 10, na nyingi zina herufi RX ubavuni, alama ya usajili ya Rye, mji jirani.

Hapohapo kuna vibanda virefu vyeusi vya mbao, vyembamba kama minara. Wageni huambizana kuwa ni vya kukaushia nyavu. Sivyo: ni stoo. Nyavu, kamba na matanga vya zamani vilioza vikihifadhiwa vibichi, kwa hiyo vilikaushwa nje kwanza, ndipo vikaingizwa ndani. Vibanda vilipanda juu kwa kuwa eneo la ufukwe lilikuwa dogo na kila mvuvi alipewa kiwanja cha kubana.

Dhana: Samaki wa kwenye chipsi ametoka hapo mbele

Mara nyingi hapana. Cod na haddock wanaokaangwa kwenye maduka ya Uingereza wengi hutoka maji baridi ya Iceland, Norway na Bahari ya Barents, na wengi hugandishwa humohumo melini saa chache baada ya kuvuliwa. Wavuvi wa Hastings huleta gayogayo wa aina mbalimbali, samaki wa jamii ya vibua, dome, na papa wadogo. Anayetaka samaki wa hapo kweli aende kwenye vibanda vya kuuzia samaki jirani na Stade, aulize kilichoingia asubuhi. Kwenye chipsi, weka chumvi na siki kwanza, ndivyo wenyeji wanavyokula. Mimi bado natamani ndimu na pilipili.

Dhana: Shakwe ni kero tu, mfukuze kwa jiwe

Usithubutu. Shakwe wakubwa wenye doa jekundu mdomoni, wale wanaopokonya watu chipsi mikononi, wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya 1981, na aina yao imo kwenye orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza kwa kuwa idadi yao imeshuka sana. Mijini unawaona wengi kwa sababu wamejifunza kutaga juu ya mapaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walieleza mwaka 2019 kuwa shakwe husita kukisogelea chakula anapotazamwa. Basi mkazie macho.

Dhana: Vita vya Hastings vilipiganwa Hastings

Vilipiganwa tarehe 14 Oktoba 1066, kiasi cha kilomita 10 kutoka mjini, mahali ambapo leo kuna mji uitwao Battle. Hata William, mtawala wa Normandy huko Ufaransa aliyeivamia England na kushinda vita hivyo, hakushukia Hastings. Jeshi lake liliteremka Pevensey.

Dhana: Jack in the Green ni ibada ya kale ya kipagani

Mwanzoni mwa Mei, mtu aliyefunikwa majani kuanzia utosini hadi miguuni huzungushwa mitaa ya mji mkongwe kwa ngoma, akisindikizwa na watu waliojipaka kijani, ambao watakupaka na wewe puani ukizubaa. Mwisho hupandishwa kilimani penye ngome na "kuuawa", majani yake yakarushwa kwa watu ili kiangazi kiachiliwe. Ukiiona utaapa ina miaka elfu mbili. Kumbukumbu za kimaandishi zinaipeleka karne ya 18 tu, na iliambatana na wasafisha mabomba ya moshi waliokuwa wakicheza mitaani kuomba hela. Hastings waliifufua mwaka 1983. Siku hiyohiyo maelfu ya waendesha pikipiki nao huingia mjini, kwa hiyo kuegesha gari sahau.

Dhana: Anayeishi ufukweni ana hela

Katika tathmini za serikali za 2010, 2015 na 2019, mtaa uliotajwa kuwa na dhiki kuliko yote England ulikuwa Jaywick, ufukweni kabisa mwa Essex. Hastings nayo ina mitaa yenye hali ngumu. Ndege za bei nafuu ziliwapeleka watalii Hispania, nyumba za wageni zikagawanywa vyumba vya kupanga, na ajira nyingi zilizobaki ni za msimu. Juu ya hayo, wanaohamia kutoka London hupandisha bei za nyumba. Gati la mji liliungua 2010, likafunguliwa upya 2016, likashinda tuzo ya Stirling ya usanifu 2017, na mwaka huohuo shirika la hisani lililoliendesha likaishiwa fedha.

Dhana: Boti ya uokoaji ni ya serikali

Ni ya RNLI, shirika la hisani lililoanzishwa 1824, na wengi wa mabaharia wake ni watu wa kujitolea ambao huacha kazi zao kengele ikilia. Serikali inayo Coastguard, inayopokea simu na kuratibu. Ukimwona mtu amezidiwa majini piga 999, taja Coastguard, sema uko upande gani wa gati, na usimfuate majini.