Je, Mkatoliki ni Mkristo?

"Wewe ni Mkristo au Mroma?" Swali hili huulizwa bwenini, kazini, hata wakati wa posa, na mara nyingi anayeuliza hana nia mbaya. Hata hivyo linamtenga mtu na imani aliyobatiziwa, na ndiyo maana nalichukulia kwa uzito.

Mkristo ni mtu anayemwamini Yesu Kristo, Mwana wa Mungu aliyekufa na kufufuka, na aliyebatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kipimo hiki hakikutungwa Roma. Kinafuata Kanuni ya Imani iliyotokana na mitaguso (mikutano mikuu ya maaskofu) ya Nikea mwaka 325 na Konstantinopoli mwaka 381, ambayo Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana na Walutheri wote wanaikiri hadi leo. Kwa kipimo hicho Mkatoliki ni Mkristo, tena bila shaka yoyote.

Kwa nini basi swali haliishi? Chanzo kikubwa ni suala la kuokoka. Katika makanisa mengi ya kiroho, Mkristo wa kweli ni yule aliyetubu kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akabatizwa kwa maji mengi. Aliyebatizwa akiwa mchanga hahesabiwi. Sawa, lakini ukikishika kipimo hicho bila upendeleo, Mlutheri na Mwanglikana nao wanatoka, kwa kuwa nao hubatiza watoto wachanga. Kumtoa Mroma peke yake ni kumwonea.

Halafu kuna Bikira Maria. "Wale wanamwabudu Maria," watu husema. Tuitazame sala yenyewe. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe" ni salamu ya malaika Gabrieli, Luka 1:28. "Umebarikiwa kuliko wanawake wote" ni ya Elizabeti, Luka 1:42. Kisha linakuja ombi: "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Haombwi asamehe dhambi wala aokoe, anaombwa awaombee wengine. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulikwisha kutenganisha heshima inayotolewa mbele ya picha takatifu na ibada anayostahili Mungu peke yake. Waprotestanti wanaokataa kuwaomba watakatifu wana hoja zao za Maandiko, na wana haki ya kuzitetea. Huo ni ubishi wa Wakristo kwa Wakristo.

Jambo linalonishawishi zaidi ni namna Kanisa Katoliki linavyowapokea wanaotoka kwingine. Mlutheri akiamua kuwa Mkatoliki, habatizwi upya. Hupewa mafundisho, hukiri imani, hupokea Kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu) na Komunyo. Ubatizo wake wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) unatambuliwa. Shahidi wa Yehova akija, hubatizwa, kwa sababu jumuiya yake haikubali Utatu Mtakatifu. Yaani kipimo ni kilekile cha Baba, Mwana na Roho Mtakatifu.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wa damu. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda mwaka 1964, aliwataja pia Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo.

Tofauti zilizopo ni za kweli na hazifai kufunikwa: mamlaka ya Papa, toharani (hali ya kutakaswa baada ya kufa), Biblia ya vitabu 73 dhidi ya 66. Kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, hoja iliyowasha Matengenezo ya karne ya 16 yaliyozaa makanisa ya Kiprotestanti, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja huko Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999. Komunyo bado haijapatiwa suluhu: Mlutheri anayehudhuria misa, kwa kawaida, haruhusiwi kuipokea, ingawa padri anayeiadhimisha anautambua ubatizo wake.