Warfarini na sindano ya maumivu: hatari ya kuvuja damu baada ya kubadilishiwa valvu ya moyo

Wengi wanaobadilishiwa valvu za moyo (milango inayoongoza damu ndani ya moyo) hapa kwetu si wazee. Ni vijana, hasa wanawake, ambao mafindofindo ya utotoni yalizaa homa ya baridi yabisi iliyoziharibu valvu polepole. Kwa umri wao mara nyingi huwekewa valvu ya chuma, kama wagonjwa wanavyoiita, kwa sababu hudumu kuliko ile ya tishu za ng'ombe au nguruwe. Anayeibeba humeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote.

Saa za kwanza baada ya upasuaji, hatari ya kuvuja damu ni kubwa kwa aliyewahi kupasuliwa moyo, aliyeletwa kwa dharura, mwenye figo dhaifu, mwenye uzito mdogo au upungufu wa damu. Huo ni mzigo wetu hospitalini.

Baada ya ruhusa mambo hubadilika. Kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2.0 na 3.0 kwa valvu ya aota, na 2.5 hadi 3.5 kwa valvu ya mitrali. Kikishuka, damu huganda kwenye valvu na mgonjwa anaweza kupata kiharusi, kikivuka 4.5, hatari ya kuvuja damu hupanda haraka. Anayeruka kliniki kwa sababu anajisikia vizuri hawezi kujua yuko upande gani.

Dawa za dukani ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Metronidazo, Septrin na flukonazo hupandisha INR ndani ya siku chache. Diklofenaki na ibuprofeni zina hila nyingine: hujeruhi tumbo na kudhoofisha chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha), hivyo INR inaweza kuwa nzuri kabisa na bado mgonjwa akatapika damu. Ile sindano ya diklofenaki ya makalioni ina ubaya mara mbili, maana damu inaweza kuvujia ndani ya msuli wenyewe. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo kwa kiasi kinachoruhusiwa ni salama zaidi.

Anayetibiwa kifua kikuu ana mtego wake. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hupunguza nguvu ya warfarini, kwa hiyo dozi ya warfarini huongezwa. Dawa za kifua kikuu zikiisha na dozi ya warfarini ikabaki palepale juu, damu huanza kuvuja wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau.

Mchicha, kisamvu na matembele havikatazwi. Kula kiasi kilekile kila wiki. Kuacha mboga hizi ghafla hupandisha INR.

Choo cheusi kama lami, kichwa kuuma ghafla baada ya kuanguka, au pumzi kubana na kizunguzungu katika wiki za mwanzo (huenda damu imejaa kuzunguka moyo): nenda hospitali siku hiyohiyo. Hedhi nzito isikufanye uache warfarini kimyakimya. Njoo tuizungumze, na ukipanga kubeba mimba njoo kabla, kwa kuwa dawa hii inaweza kumdhuru mtoto tumboni.